Debe, harmonika, kisha shingo ya chupa: Muddy Waters kabla ya Chicago

Wengi wanaotaka kupiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, kwa mtindo wa mwimbaji na mpiga gitaa Muddy Waters huanzia mwisho: gitaa la umeme, spika kubwa, zile rekodi za Chicago za miaka ya 1950. Baada ya miezi mitatu noti zote wanazo na bado wimbo hausemi kitu. Mtu huyu alikuwa na miaka 30 alipopanda treni kwenda Chicago, na karibu yote tunayomsifia alikuwa ameshayapata shambani. Tena aliyapata kwa mpangilio: mdundo kwanza, pumzi ikafuata, halafu sauti, gitaa likaja mwisho. Tunaofundisha mtindo huu tumeona mara nyingi kwamba anayeuruka mpangilio huo hulazimika kurudi nyuma kuutafuta, na kurudi kunachukua muda kuliko kuanza.

Jina la kuzaliwa ni McKinley Morganfield. Mwenyewe alikuwa akisema kazaliwa Rolling Fork, jimbo la Mississippi, mwaka 1915, lakini karatasi zake za ujanani, pamoja na cheti cha ndoa ya 1932, zinaelekea 1913, na mahali penyewe ni wilaya jirani ya Issaquena. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo mno. Bibi yake mzaa mama, Della Grant, akamchukua wakahamia shamba la Stovall, kilomita kumi hivi kutoka mji wa Clarksdale. Bibi ndiye aliyempa jina la Muddy, yaani mwenye tope, maana mtoto alikuwa habanduki kwenye matope ya kijito. Hilo la Waters lilibandikwa baadaye na watu wengine. Baba yake, Ollie Morganfield, alikuwa mkulima anayepiga gitaa, ila mtoto hakulelewa naye, kwa hiyo wanaosema gitaa alilirithi kwa baba wanajirahisishia kazi.

Stovall ilikuwa pamba mtupu. Mwenye shamba alitoa ardhi, nyumba ya mbao, nyumbu na mbegu; mkulima akatoa mikono ya familia nzima. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu, na ile nusu ya mkulima ikakatwa madeni ya mwaka mzima: unga, mafuta ya nguruwe, viatu. Hesabu ilifungwa baada ya mavuno, na daftari lilikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Muddy aliacha shule kama darasa la tatu akaingia shambani.

Hali hiyo inaeleza muziki wake kuliko hadithi yoyote ya mpigaji kumwuzia shetani roho njia panda. Kwanza, fedha ya ala haikuwapo, ndiyo maana ala yake ya kwanza ilikuwa debe la mafuta ya taa, akalipiga kama ngoma, kisha akodioni kuukuu aliyoibinyabinya bila kufika nayo popote. Pili, anayelima peke yake nyuma ya nyumbu huimba bila kumngoja mtu. Mstari wake unaanza juu, unateremka polepole, unakwisha pumzi inapokwisha, na unaofuata unaanza akiwa tayari. Hakuna mwenzake wa kumhesabia. Ukishaielewa sauti hiyo ya shambani, hutashangaa tena kwa nini bluzi za Delta, uwanda huo wa pamba wa Mississippi, hazikai sawasawa kwenye hesabu ya mizani, vile vipande vya midundo minne minne.

Harmonika, kinanda cha mdomo, aliishika akiwa na miaka kama saba, na kufikia 13 alikuwa akiipiga vizuri. Mwanafunzi wa gitaa huiona hatua hii kama ya kitoto akaipita. Afadhali asiipite. Nunua harmonika ya C, ile ya matundu kumi, na uipigie wimbo wa G, yaani usiipulize bali uivute pumzi. Tundu la pili ukivuta linakupa G, ambayo ndiyo nyumbani. Tundu la tatu ukivuta linatoa B. Sasa rudisha ulimi nyuma kidogo, kama anayetaka kutamka “u” akiwa amevuta hewa, na B ile itaanza kushuka. Ishushe nusu ya njia tu, usiifikishe B bemoli, noti iliyo nusu toni chini yake. Pale katikati, mahali ambapo kinanda hakina kibonyezo chake, ndipo bluzi inapokaa. Wanaoanza hukosea kwa kuvuta kwa nguvu, tundu likaziba. Kinachoishusha noti ni umbo la mdomo, nguvu hazisaidii. Sikio likishaijua noti hiyo kwenye harmonika, mkono utaitafuta wenyewe kwenye gitaa. Asiyeijua hupiga B kamili siku zote, kisha analalamika kwamba gitaa lake halina uchungu.

Ile sauti ya kutetema na kunguruma alisema mwenyewe kwamba aliitoa kanisani. Kwenye makanisa ya Kibaptisti ya huko, kabla wimbo haujapata maneno, waumini huguna pamoja kwa midomo iliyofumbwa, kila mmoja akipanda na kushuka kidogo kuizunguka noti ileile. Bibi hakufurahia bluzi, aliiita mambo ya dhambi. Mjukuu akachukua mguno akaacha mahubiri.

Watoto wengi wa Delta walipitia pia waya mmoja uliopigiliwa kwenye ukuta wa nyumba, waya uliofunguliwa kwenye ufagio. Tunawashauri wanafunzi waitengeneze ala hii kabla ya kugusa gitaa, maana haina freti (vile vyuma vya shingoni mwa gitaa) za kukuokoa. Chukua ubao mgumu wa mita moja, misumari miwili ya inchi tatu, na uzi wa chuma wa gitaa, ule laini usiosokotwa, mnene wa inchi 0.017 au 0.018. Misumari ikae sentimita 80 mbali, ikiinama kila mmoja kumpa mwenzake mgongo, ili uzi ukivuta usiing’oe. Zungusha uzi kwenye msumari si chini ya mara nne, na mzunguko wa mwisho upite juu ya ile ya kwanza uibane. Ukizungusha mara mbili utafyatuka, na uzi uliofyatuka unakwenda usoni, basi vaa miwani. Usihangaike kuukaza kwa mkono. Sukuma chupa ndogo chini ya uzi upande mmoja na kopo la bati upande wa pili, uisogeze chupa kuelekea msumarini mpaka uzi ulie. Kopo ndilo spika yako. Ukisikia mkwaruzo, ama chupa ni fupi mno na uzi unagusa ubao, ama kopo halijakaa imara. Halafu piga kwa kidole cha kulia, na kushoto telezesha chupa ya dawa. Wiki moja ya kuimba mstari na kuujibu kwa waya huo inafundisha zaidi ya chati yenye picha 40 za kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja.

Gitaa lilikuja akiwa na miaka 17. Aliuza farasi wao wa mwisho kwa dola kama 15, akampa bibi nusu, na katika nusu yake akatoa dola mbili na nusu kununua gitaa kuukuu la chapa ya Stella. Baadaye aliagiza jingine kwa katalogi ya Sears Roebuck, duka la kuagizia kwa posta, kama wakulima wengi wa huko. Wimbo wa kwanza kuushika, na hapa wapenda asili hukunja uso, haukuwa wa Delta hata kidogo: ulikuwa “How Long Blues” wa Leroy Carr, mpiga piano wa Indianapolis, alioujua kwa santuri. Mtoto wa shamba alianza na rekodi ya mjini kama sisi sote.

Kisha akamwona Son House. Huyu aliwahi kuwa mhubiri, akashika gitaa akiwa na miaka kama 25, na 1930 alirekodi santuri kwa kampuni ya Paramount huko Grafton, Wisconsin. Alipopiga kwa wiki nne mfululizo kwenye sehemu moja ya starehe karibu na Clarksdale, Muddy alikuwa pale kila usiku, amekaa karibu, akiuangalia mkono wa kushoto. Ule mkono ulivaa shingo ya chupa. Hakuna aliyemwandikia noti. Alitazama, akaenda nyumbani, akajaribu, akarudi kesho yake kuona alipokosea.

Tufanye hivyohivyo, tuuangalie mkono.

Gitaa kwanza linabadilishwa tyuni. Wazee wa Delta waliiita hii ya Kihispania, jina lililotoka kwenye kipande cha karne ya 19 kiitwacho “Spanish Fandango” kilichopigwa majumbani. Nyuzi tatu za kati, wa nne, wa tatu na wa pili, usiziguse: ni D, G na B tayari. Legeza uzi wa sita mpaka ulingane na wa nne, ila oktava moja chini, yaani noti ileile kwa sauti nzito zaidi. Legeza wa tano mpaka ulingane na wa tatu, oktava moja chini. Mwisho legeza wa kwanza mpaka ulingane na wa nne, oktava moja juu. Kutoka wa sita kuja wa kwanza una D, G, D, G, B, D, na ukipitisha kidole nyuzi zote tupu unasikia kodi ya G. Rudia tena tangu mwanzo, kwa sababu nyuzi tatu zikilegea, shingo ya gitaa inanyooka kidogo na zile ulizoziacha zinapanda. Asiyerudia hupiga saa nzima akidhani sikio lake bovu. Ukitaka A badala ya G, weka kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, freti ya pili. Ukikaza nyuzi kwa nguvu ili kuipata A, gitaa la bei nafuu huanza kuachia daraja.

Seti za nyuzi nyembamba, zile zinazoanzia inchi 0.010, hazifai, zikilegezwa zinakuwa kama mpira na chupa inagonga freti. Tumia zinazoanzia 0.013, na kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kiwe kama milimita tatu.

Chupa yenyewe iwe na urefu wa sentimita tano hivi, ukuta wake mnene, iingie kidole kidogo bila kubana wala kucheza. Muddy aliivaa kidole kidogo, na inafaa kumwiga, maana vidole vitatu vinabaki huru. Wazee walikata shingo kwa kuifunga uzi uliolowa mafuta ya taa, kuuwasha, kisha kuitumbukiza chupa kwenye maji baridi. Inakatika, lakini mara nyingi inakatika kwa mshazari, kwa sababu kioo cha chupa hakina unene sawa pande zote. Ukijaribu, ukingo usugue kwa msasa uliolowa maji, kamwe si mkavu. Vumbi la kioo halina urafiki na mapafu. Asiyetaka taabu hiyo akatiwe kipande cha bomba la maji la nusu inchi na fundi, kingo zikapigwa tupa. Kinatoa sauti kali zaidi, nzito kidogo mkononi.

Makosa ni matatu na karibu kila mtu huanza nayo yote. La kwanza: anaweka chupa nyuma ya freti, mahali ambapo kidole kingekaa. Noti inatoka chini. Chupa inakaa sawasawa juu ya chuma chenyewe. Na angalia kwa jicho lililo mbele ya freti, kwa sababu ukichungulia kutoka juu, chuma kinaonekana kimesogea. La pili: anabonyeza. Chupa inagusa uzi tu, kama mtu anayepapasa kitambaa cha hariri. Uzi ukigusa freti umebonyeza mno. La tatu, na ndilo linalotoa kelele ile ya mlango usiotiwa mafuta: vidole vya nyuma ya chupa vimenyanyuliwa hewani. Kidole cha pete na cha kati vilale juu ya nyuzi nyuma ya chupa, vizime mlio wa upande ule. Bila hivyo kila uzi unatoa noti mbili, moja mbele ya chupa na moja nyuma.

Sasa rudi kwenye ile noti ya harmonika. Uzi wa tatu ni G. Freti ya tatu ni B bemoli, ya nne ni B. Anzia chini kidogo ya freti ya tatu, teleza, simama kabla ya kufika ya nne. Ndiyo ileile. Kwenye uzi wa kwanza iko kati ya freti ya nane na ya tisa, na hapo ndipo chupa inapolia juu ya sauti yake. Kwa kodi kubwa, laza chupa nyuzi zote: freti ya tano C, ya saba D, ya 12 G tena. Mtetemo wa mkono uende nyuma ya noti zaidi kuliko mbele, kama sauti ya mtu inavyotetema akichoka. Ukiupeleka mbele unasikika kama gitaa la Hawaii.

Mkono wa kulia ni dole gumba kwenye nyuzi nene, likipiga kila mdundo bila kuchoka, na kidole cha shahada kwenye nyembamba. Anayeweza kupiga “Masanga” ya Mwenda Jean Bosco, aliyorekodi Hugh Tracey huko Jadotville (leo Likasi), Kongo, 1952, atakuta nusu ya kazi ameshaimaliza. Gumba na shahada ni zilezile. Tofauti ni kwamba Mwenda anasuka kitambaa laini, kila uzi ukipita mahali pake, na mtu wa Mississippi anatwanga.

Kwa kawaida bluzi huhesabiwa mizani 12: nne za G, mbili za C, mbili za G, kisha D, C na mbili za G kumalizia. Msikilize Muddy akiwa peke yake na utakuta 11, au 13, au 12 na kipande. Wanafunzi hodari huliona hili kuwa kosa wakalirekebisha, nalo linakufa mikononi mwao. Mstari wa sauti ndio unaoongoza. Gitaa linangoja mpaka chupa imalize kujibu, ndipo linahama. Anza kwa kuimba bila gitaa, mguu ukipiga. Pale unapovuta pumzi, hapo ndipo chupa inaposema.

Usidhani alipiga bluzi tu. Watafiti waliokuja Stovall waliandika orodha ya nyimbo alizozijua, na ndani yake zimo za Gene Autry, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng’ombe, na hata “Chattanooga Choo Choo”. Mpigaji wa karamu hupiga anachoombwa; mwanamuziki yeyote wa bendi ya hotelini Mombasa anaijua hali hiyo. Alikuwa akipiga na kikundi cha Son Sims, mpiga fidla aliyewahi kurekodi na Charley Patton, mkongwe wa bluzi za Delta, pamoja na gitaa la pili na mandolini. Nyumba yake mwenyewe aligeuza kilabu siku za mwisho wa wiki: gongo la kienyeji, kamari, na jukiboksi, mashine ya kupiga santuri kwa sarafu, ukutani.

Watafiti hao walikuwa Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani na John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk. Walifika Agosti 1941 na mashine ya kurekodi sauti kwenye santuri, wakaiweka nyumbani kwake. Moja ya nyimbo za siku ile ni “Country Blues”. Lomax akamwuliza ameutunga lini. Jibu: 1938, akiziba pancha ya gari, moyo ukiwa umeumizwa na msichana. Aliulizwa zaidi, akasema mtindo kaupata kwa Son House. Akaongeza kwamba Robert Johnson, mpiga gitaa mwingine wa Delta, naye aliutoa kwenye santuri kwa jina la “Walkin’ Blues”, lakini sauti yake ilikuwapo mashambani kabla ya hapo. Majibu yote matatu ni ya kweli kwa pamoja, na anayetafuta mwenye wimbo mmoja hapa atazunguka sana. Maneno ni ya aliyeziba pancha. Njia ilikuwa ya wote.

Siku ile alijisikia kwa mara ya kwanza mwenyewe akitoka kwenye mashine, na akaona hana tofauti na wale wa santuri. Baadaye aliletewa nakala mbili na dola 20. Moja akaipeleka kwenye jukiboksi.

Kilichomwondoa Stovall hakikuwa muziki peke yake. Alikuwa dereva wa trekta kwa senti 22 na nusu kwa saa. Akaomba 25, wanazolipwa wengine. Nyapara akamjibu kwa hasira. Mei 1943 alipanda treni akiwa na gitaa na sanduku moja, akafika Chicago na kupata kazi kiwandani. Kwenye karamu za huko gitaa la mbao halikusikika juu ya makelele, mjomba wake akampatia la umeme.

Mwaka 1948 kampuni ya santuri ya Aristocrat ilitoa “I Can’t Be Satisfied”. Weka rekodi hiyo kando ya “I Be’s Troubled”, aliyoipigia mashine ya Lomax mwaka 1941. Ni wimbo mmoja. Chupa inateleza palepale kama ilivyoteleza nyumbani Stovall. Kilichoongezeka ni umeme na besi ya Big Crawford. Santuri za kwanza ziliisha karibu siku moja. Muddy mwenyewe alikwenda mtaa wa Maxwell kuinunua, akakuta ya senti 79 inauzwa dola moja na senti kumi, tena kila mteja moja tu. Alitaka mbili. Ikabidi amtume mkewe akapange foleni.